Kabla ya kukata, pima: funzo la njia ya Tabora

Ndugu msomaji, mazungumzo yangu ya wiki hii yanahusu jambo ambalo kwa mara ya kwanza litaonekana dogo: kitu gani kikatwe kwa kisu gani. Nimelichagua kwa sababu siku hizi mijini kwetu zimeingia mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo mafundi huziita kwa herufi tatu tu, CNC. Kubwa zake zina ukubwa wa kitanda cha watu wawili, nazo utazikuta katika karakana za samani zikichonga nakshi za milango. Ndogo zake huwekwa juu ya meza kama cherehani. Kijana mwenye kompyuta na mtaji wa kiasi anaweza kujipatia moja, akaanza kuuza vibao vya majina, mihuri, vipuri vidogo na mapambo ya nyumbani.

Kila anayeiona mashine hiyo huuliza swali moja: "Inakata nini?" Muuzaji naye hujibu haraka kwamba inakata kila kitu. Jibu hilo si kweli, na anayeliamini hulilipia. Huvunja visu, huunguza mota, huharibu malighafi, kisha huifunika mashine kwa kitambaa na kusema biashara imeshindikana. Mimi si fundi mitambo; kazi yangu ni kusoma na kueleza mambo ya kale. Lakini naona kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa katika nchi hii, tena zaidi ya mara moja, kando ya ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Mara moja lilijibiwa kwa akili ya mafundi waliobanwa na shida. Mara nyingine lilijibiwa na watu wa mbali, na gharama yake ikalipwa na watu ambao hawakushika kisu kabisa. Nataka tuyatazame majibu yote mawili.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ndani yake kuna kisu kidogo chenye meno, kinachozunguka kwa kasi kubwa huku mota zikikisogeza kufuata mchoro uliomo katika kompyuta. Kisu hicho hakipigi kama patasi. Kinakwangua kidogo kidogo, na kila mzunguko kinaondoa chenga nyembamba. Watu wengi hudhani nguvu yake iko katika ukali wa kisu. Kwa hakika nguvu yake iko katika uimara wa mwili uliokishika. Mashine ya kiwandani ina mwili mzito wa chuma cha kusubu, wenye uzito wa tani. Ile ya mezani ina fremu nyepesi ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba. Ikikutana na kitu kigumu mno, fremu hiyo hupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kisu hutetemeka, hupiga kelele, hupata moto, na mwisho huvunjika.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimlenga mvivu anayekisingizia kifaa. Lakini mwenye mashine ndogo amekwisha nunua jembe lake, na halibadiliki. Kinachobaki mikononi mwake ni kuchagua shamba, yaani kuchagua kitu kitakachokatwa. Hapo ndipo akili inapotakiwa, na hapo ndipo historia ya Tabora inapoanza kutufaa.

Mwaka 1857, mwishoni mwa mwezi Juni, Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani kwenda bara. Walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne ya safari ya miguu. Walipofika waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha jenga matembe makubwa katika nchi ya Unyanyembe, iliyokuwa chini ya watemi wa Kinyamwezi. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wameizoea njia ya pwani tangu kabla ya wageni hao kuhamia kwao.

Katika njia hiyo hapakuwa na gari wala punda wa kutosha. Kila kitu kilibebwa na binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Hebu fikiri, ndugu msomaji: una kilo 32 begani na miezi kadhaa mbele yako, na ukifika lazima bei ya mzigo ilipe chakula chako cha njia nzima pamoja na hongo ya kila mtemi. Je, utabeba ubao wa mninga? Hapana. Utabeba kitu chenye thamani kubwa katika uzito mdogo. Ndiyo maana kwenda bara walibeba kitambaa cha merikani, ushanga na waya wa shaba, na kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Pembe iliyokuwa nzito kupita kiasi ilifungwa kwenye mti ikabebwa na watu wawili kwa mzegazega.

Basi hilo ni jambo la kwanza tunalojifunza. Kabla ya kisu kugusa kitu, usafiri umekwisha kuchagua. Misitu ya miombo ya Unyamwezi ilijaa mbao nzuri ajabu, lakini ilikuwa salama na msumeno wa mbali kwa sababu bega la mpagazi halikuweza kuihamisha. Ndovu hakuwa salama kwa sababu pembe yake iliweza kubebeka.

Mafundi wa bara nao walikuwa na hesabu yao. Kusini ya Ziwa Victoria walikuwako wahunzi hodari, miongoni mwao Warongo, waliofua majembe ya chuma. Majembe ya wahunzi wa upande huo yaliuzwa hadi Unyanyembe na yakatumika hata kama fedha. Shaba nyekundu ililetwa kutoka Katanga, na ni katika biashara hiyo Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi, alipojijengea dola yake ya Garenganze, hadi alipouawa mwezi Desemba 1891. Wahunzi hawakuwa na kisu kigumu kuliko chuma, kwa hiyo hawakujaribu kukikata kikiwa baridi. Walikilainisha kwa moto na mivukuto, wakakifua. Shaba, ambayo ni laini zaidi, waliipiga na kuivuta ikawa vikuku na waya. Kila kitu kilipewa njia yake kulingana na tabia yake. Hiyo ndiyo elimu ya malighafi, nayo haikungoja kompyuta.

Sasa tuifuate pembe. Kutoka Tabora ilifika Bagamoyo, ikavuka hadi Unguja, na kutoka huko sehemu kubwa ilisafirishwa kwenda Marekani. Marekani ilikuwa imefanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo akaanza kazi Unguja mwaka 1837. Merikani tuliyoivaa ilitoka kwao, na pembe yetu ilikwenda kwao.

Ilikwenda wapi hasa? Ilikwenda katika jimbo la Connecticut, kwenye vijiji viwili, Deep River na Ivoryton. Jina hilo la pili maana yake ni mji wa pembe. Katika jimbo hilo, mwaka 1799, Phineas Pratt alipewa hati ya uvumbuzi kwa mashine ya kutengeneza vitana. Badala ya fundi kukata jino moja moja kwa msumeno wa mkono, mashine ilifanya kazi hiyo kwa haraka na kwa vipimo visivyobadilika. Piano zilipoanza kuingia katika nyumba za Wamarekani wa kawaida, viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilitumia misumeno ya aina hiyo kukata pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Piano moja ina vibao vyeupe 52. Vipande hivyo vilipangwa kwenye mabanda ya vioo, vikaanikwa juani kwa majuma mengi hadi vikawa vyeupe pe.

Na wenye viwanda hao walichagua. Waligundua kwamba pembe si zote sawa. Pembe za misitu ya magharibi ya Afrika zilikuwa ngumu, zinang'aa kama kioo, na ni rahisi kupasuka. Pembe zilizopitia Unguja kutoka mbuga za mashariki ziliitwa pembe laini. Zilikatika bila taabu, zikawa nyeupe sawasawa, na zikavumilia mabadiliko ya hewa. Kwa upande wa msumeno, uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Fundi yeyote wa leo angewasifu: walipima tabia ya kitu, wakakilinganisha na mashine, wakapata kinachofaa.

Lakini hesabu yao iliishia kwenye ukingo wa meza. Haikufika kwenye njia. Ni kweli kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, na kazi hiyo waliiona ya heshima. Lakini katika misafara hiyo hiyo walipita pia watumwa, na biashara ya pembe na ya watu zilishikana mikono. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora waliingia vitani, na biashara ya njia hiyo ilikuwa kiini cha ugomvi wao. Njia ya Ujiji ikafungwa, hata Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akalazimika kuzunguka kusini. Ndovu nao walizidi kuwa adimu karibu na njia, ikabidi wawindaji waende mbali zaidi kila mwaka. Aliyekuwa akipiga piano sebuleni kwake hakuyasikia hayo yote.

Jambo la kushangaza ni kwamba plastiki, ambayo leo ni chakula cha kila siku cha mashine ndogo, ilizaliwa kwa sehemu kutokana na uhaba huo wa pembe. Miaka ya 1860, Mmarekani John Wesley Hyatt alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe, na katika kutafuta huko akaendeleza seluloidi. Katikati ya karne ya 20 plastiki ikachukua nafasi ya pembe katika piano pia. Na mwezi Oktoba 1989, katika mkutano wa CITES mjini Lausanne, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku. Hata hivyo tamaa haikufa. Hesabu za ndovu wa Tanzania zilionyesha kama 109,000 mwaka 2009, na kama 43,000 tu mwaka 2014. Yaani kitu kilichochaguliwa kwa sababu kinakatika vizuri bado kilikuwa kinaua.

Hilo lilikuwa jibu la watu wa mbali. Sasa tuje kwenye jibu lililotolewa Tabora kwenyewe, ndani ya karakana, na watu waliokuwa na vifaa vidogo na shida kubwa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Bega la mpagazi likapumzika, na Tabora ikapata karakana ya reli yenye mafundi na mashine. Mwaka huo wa 1914 vita vikuu vikaanza. Meli za Waingereza zikaifunga pwani, na sarafu zilizokuwa zikifuliwa Ujerumani hazikuweza kuingia tena. Wakati huo fedha ya nchi ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Bila shaka, ndugu msomaji, umekwisha tambua: neno letu "hela" lilitoka hapo. Serikali ya Wajerumani ilichapa noti za dharura, lakini watu hawakuziamini, wakaficha sarafu zao. Hapo ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, kilipoanzishwa kiwanda cha kufulia sarafu.

Tazama jinsi walivyochagua. Kwa sarafu za kila siku, za hela 5 na hela 20, walitumia shaba ya njano, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitokana na maganda ya risasi na mabaki mengine ya vita. Nyingine za hela 20 walizifua kwa shaba nyekundu. Hawakusema wangoje madini bora kutoka Ulaya. Waliangalia kilichokuwa kimelala uani kwao na kinachoweza kukubali mashine yao. Shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ina tabia njema: inapokea alama vizuri, haishiki kutu kama chuma, na hailazimishi kifaa kufanya kazi kupita uwezo wake.

Kwa sarafu kubwa, ya rupia 15, walitumia dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, ulio katika mkoa wa leo wa Singida. Lakini hawakutumia dhahabu safi. Walichanganya, sehemu tatu dhahabu na sehemu moja madini mengine, kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno na sarafu yake ingesuguliwa na vidole ikapoteza sura. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Zilifuliwa zaidi ya 16,000, zikiwa na herufi T ya Tabora, na upande mmoja ukaonyesha tai wa Kaisari. Upande wa pili ukaonyesha ndovu, yule yule ambaye pembe zake ndizo zilizoijenga Tabora.

Kitu kigumu kuliko vyote katika kazi hiyo kilikuwa mihuri, yaani vile vipande vya chuma cha pua vinavyogandamiza picha kwenye sarafu. Muhuri huchongwa chuma kikiwa bado laini, kisha huchomwa na kuzamishwa kipoe ghafla ili kiwe kigumu. Ukikosea joto, hupasuka; ukikiacha laini, hufutika. Wakusanyaji wa sarafu leo huzitofautisha hela 20 za Tabora kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L. Tofauti hizo ni ushahidi kwamba mihuri ilichongwa zaidi ya mara moja. Mimi nimewahi kushika sarafu moja ya hela 20. Ni kazi ya haraka, herufi zake hazikulala sawa, lakini zaidi ya miaka 100 baadaye bado inasomeka. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kiwanda hicho hakikufua tena.

Linganisha na majirani. Mwaka 1907 Waingereza katika Afrika Mashariki na Uganda walitoa senti ndogo za alumini. Alumini ni nyepesi na inafulika kwa urahisi mno. Lakini senti hizo hazikudumu; ilipofika mwaka 1909 waliziacha wakaigeukia shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa hiyo kukatika au kufulika kwa urahisi ni nusu ya hesabu tu. Nusu ya pili ni kazi ambayo kitu hicho kitakwenda kufanya kikisha toka mezani.

Tuyalete basi haya kwenye meza ya kijana wa leo. Nimewauliza mafundi wanaotumia mashine hizi, na nimesoma. Maneno yao yanakubaliana na mafunzo ya njia ile ya zamani.

Anza na laini. Tabora inajulikana kwa asali na nta, na nta ni kitu kizuri cha kujifunzia kwa sababu kosa lake halivunji kisu. Lakini nta ya nyuki peke yake huyeyuka katika nyuzi joto 60 na kitu, na huganda kwenye meno ya kisu. Nta ya mashine huchanganywa na plastiki ili iwe ngumu zaidi. Faida yake ni kwamba ukikosea unaiyeyusha na kuanza upya. Baada ya nta, jaribu plastiki nzito kama ile ya vibao vya jikoni vya kukatia nyama. Inakatika kwa utulivu, ingawa haishiki gundi. Akriliki inapendeza kwa vibao vya majina, ila kisu kikizunguka kasi huku kikisogea polepole, huiyeyusha badala ya kuikata.

Kisha njoo kwenye mbao. Mwembe, ule ulioenea Tabora na Ujiji kando ya njia za misafara, una mbao za kuchongeka bila taabu, lakini wadudu huipenda, kwa hiyo ikaushwe na kutibiwa. Mninga ni bwana wa mbao zetu kwa kazi hii: ni imara bila kuwa mgumu kupita kiasi, na ukisha kauka hausinyai wala haujipindi ovyo. Mpingo ni mzito hata ukiutia majini unazama. Mashine ndogo inaweza kuukata kama utakuwa na subira, kwa tabaka nyembamba na kisu kikali. Lakini mwenye haraka atavunja visu. Vumbi la mninga na la mpingo huwasha ngozi na kuziba kifua, basi barakoa si mapambo.

Kwa madini, shaba ya njano ndiyo rafiki, kama ilivyokuwa mwaka 1916. Inatoa chenga fupi na haigandi kwenye kisu. Shaba nyekundu safi inanata. Alumini pia hunata ikipata moto, inahitaji kilainishi kidogo, kina kifupi na uangalifu. Chuma cha pua waachie wenye mashine za tani. Fundi wa karakana ya reli alijua kwamba chuma cha pua ni cha kutengenezea muhuri, si cha kufulia hela.

Na mwenye kutamani weupe wa pembe atazame machinjioni. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa vizuri unakatika, unang'aa, na unafaa kwa vifungo na kwa nakshi za kupachika. Harufu yake ni mbaya na vumbi lake si zuri kuvuta, lakini hakuna ndovu aliyekufa kwa ajili yake.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo wenye viwanda wa Connecticut hawakulihesabu. Mashine na malori yamefanya mbao kuwa kile ambacho pembe ilikuwa zamani: kitu kinachobebeka. Tangu mwaka 2017 mpingo umo katika orodha ya CITES ya miti ambayo biashara yake ya nje inataka vibali. Mwaka 2019 ukaongezwa mkurungu, mti ambao watu wa Tabora na Katavi wameona ukisombwa kwa malori, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii yote ya mninga wa Afrika. Hiyo si marufuku, bali ni onyo kwamba tumeanza kukata kuliko inavyoota. Hata hapa nchini mti hauvunwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Je, kijana aache mninga? Mimi nasema hapana. Meza ya mashine yake haizidi upana wa gazeti hili. Haihitaji gogo. Nenda katika karakana yoyote ya seremala jioni, utaona vipande vya mninga vya urefu wa kiganja vikitupwa au vikipelekwa jikoni kuwa kuni. Nenda kwa wanaokusanya vyuma chakavu, utakuta mabomba na vitasa vya shaba ya njano vikipimwa kwa kilo. Kwa mashine kubwa hayo ni takataka. Kwa mashine ndogo hiyo ndiyo malighafi inayolingana nayo kwa ukubwa, kwa ugumu na kwa bei. Wale wa mwaka 1916 walikusanya maganda ya risasi wakatengeneza hela. Sioni kwa nini sisi, wenye amani na umeme, tushindwe kuokota mabaki ya vitanda tukatengeneza ajira.

Shirika la SIDO limekuwako tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, na vyuo vya ufundi viko mikoani, Tabora ikiwamo. Ningependa vijana wanapofundishwa kuchora kwenye kompyuta, wafundishwe pia kuuliza maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe. Je, mashine yangu itakivumilia kitu hiki? Je, kitu hiki kitaivumilia kazi ninayokipa? Na je, kimetoka wapi, na nani amekilipia kabla yangu? Maswali mawili ya kwanza yataokoa visu na mtaji wao. La tatu litawaokoa wengine, ambao hawatawaona kamwe.

Kwa leo naishia hapo. Mwenye karakana anayesoma makala haya, kesho asubuhi kabla ya kufagia, aweke kando vile vipande vya mninga. Mtoto wa jirani anaweza kuja kuviulizia.